Kumsaidia Profesa Kupanga Kozi Yake



Wengi kati yenu mmekwisha kukaa katika kalasi ambamo profesa anaingia, anafungua daftari lake, anasoma, na wanafunzi wanaandika. Saa mbili zinapita hivi. Anafunga daftari, anatoka. Juma linalofuata anaanza pale alipoachia. Mwisho wa mwaka wanafunzi wanamrudishia katika mtihani maneno yale yale aliyowasomea, naye anahesabu ni nani ameyarudisha vizuri.

Mtu huyo si mvivu wala si mjinga. Pengine amesoma miaka mingi hata kupata doktora, na elimu yake ni ya kweli. Lakini hakuna aliyemfundisha, hata siku moja, namna ya kufundisha. Jambo hilo ni la kushangaza kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi anapita kwanza katika shule ya walimu. Anajifunza kutayarisha somo kwa maandiko, na inspekta anakuja kumtazama akifanya kazi. Katekista naye hatumwi kijijini bila mafundisho. Mtu wa iniversite peke yake ndiye anayedhaniwa kwamba, kwa kuwa anajua kitu, basi anajua pia kukifundisha.

Tunataka kueleza hapa kazi isiyojulikana sana kwetu, ndiyo kazi ya wale wanaomsaidia profesa kupanga kozi yake, hasa kozi ya mchanganyiko. Mafundisho ya mchanganyiko ni haya: sehemu moja mwalimu na wanafunzi wanaonana uso kwa uso katika kalasi, sehemu nyingine wanafunzi wanafanya kazi kwa njia ya intaneti, kwa ordinateri ao kwa telefone. Na sehemu hii ya pili inachukua nafasi ya saa fulani za kalasi. Mshike vizuri maneno hayo ya mwisho, maana tutayarudia, na ndipo walimu wengi wanapoanguka.

Kazi hii ilianza wapi?

Katika Marekani, iniversite ya Michigan iliweka mwaka wa 1962 nyumba maalum ya kuchungua namna ya kufundisha na kuwashauri maprofesa. Ilikuwa kati ya nyumba za kwanza za namna hiyo katika nchi ile. Siku hizi iniversite nyingi za dunia zina ofisi kama hiyo.

Uingereza nao walipita njia yao. Iniversite yao iitwayo Open University ilipewa cheti cha kifalme mwaka wa 1969, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka wa 1971. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye kazi na jamaa. Walipokea vitabu kwa posta, walisikiliza radio na kutazama televisheni, walipeleka kazi zao kwa mwalimu zisahihishwe, tena walikutana naye siku fulani. Mnaona kwamba mchanganyiko ulikuwako mbele ya intaneti. Lakini jambo kubwa la iniversite ile ni lingine: kozi haikuandikwa na profesa mmoja chumbani mwake. Iliandikwa na kundi zima. Walikuwamo maprofesa kadhaa, wahariri, watu wa radio, na watu waliojua namna mwanafunzi anavyojifunza akiwa peke yake. Kila mmoja alisoma maandiko ya mwenzake na kuyakosoa. Profesa aliyezoea kuwa mfalme katika kozi yake alipaswa kusikia mbele ya wenzake: «Ukurasa huu haufahamiki.» Dawa hiyo ni chungu, lakini ilifaa.

Mfano wa Florida

Tutazame sasa mahali pamoja kwa karibu. Katika mji wa Orlando, jimbo la Florida, kuna iniversite ya serikali iitwayo University of Central Florida. Ilifungua milango yake mwaka wa 1968. Wanafunzi waliongezeka kuliko vyumba vya kuwaweka. Leo wanakaribia 70,000. Mwaka wa 1996 walianza kozi za kwanza kwa njia ya intaneti, na mara baada yake kozi za mchanganyiko. Kati ya sababu zao moja ilikuwa ya kawaida kabisa: kama kozi inayokutana mara mbili kwa juma ikikutana mara moja tu, chumba kimoja kinatosha kwa kozi mbili.

Wakubwa wa iniversite ile wangeweza kufanya kama wengi: kununua mashini, kutoa amri, na kumwambia profesa «Anza!» Hawakufanya hivyo. Waliweka sharti kwamba profesa asianze kozi ya intaneti ao ya mchanganyiko kabla hajatayarishwa. Na matayarisho yenyewe waliyapanga kwa mchanganyiko. Profesa anageuka mwanafunzi. Siku nyingine anakuja chumbani pamoja na wenzake, siku nyingine anafanya kazi peke yake mbele ya ordinateri. Basi anaonja mwenyewe yale atakayowaonjesha wengine. Anasoma agizo lisilo wazi na kukasirika. Anaandika ulizo, anangoja jibu siku mbili, haliji, na moyo unapoa. Anagundua kwamba kazi aliyodhani ni ya nusu saa imemla jioni nzima. Baada ya hayo, hakuna haja ya kumhubiria sana juu ya mwanafunzi anayesoma peke yake usiku.

Tena anapewa mshauri wa kumsindikiza. Mara nyingi mshauri huyo hajui somo la profesa. Profesa anafundisha kemia, mshauri hajui kemia. Pengine mtu atauliza: «Atamsaidiaje?» Jibu ni kwamba kutojua kwake kunafaa. Yeye anauliza maulizo ambayo mwanafunzi anaona haya kuyauliza. Profesa ameishi na somo lake miaka ishirini. Amesahau lilivyokuwa gumu siku ya kwanza. Anaruka ngazi tatu bila kujua kwamba ameruka. Mshauri anamshika mkono: «Hapa umetoka wapi ukafika wapi?»

Mwaka wa 2011 iniversite hiyo ilitoa bure, kwa kila mtu anayetaka, maandiko ya kuwafundisha walimu kupanga kozi ya mchanganyiko. Jina lake ni BlendKit. Yana milango mitano: mchanganyiko wenyewe ni nini, namna watu watakavyosemezana, namna ya kupima wanafunzi, mafundisho na kazi za kufanya, na namna ya kukagua kozi kama ni nzuri. Ajuaye Kiingereza aweza kuyasoma leo.

Kuanza na mwisho

Mshauri anafanya nini kwanza? Hasemi habari ya mashini. Anauliza juu ya mwisho wa kozi.

Shauri hilo si jipya. Mwaka wa 1949 Ralph Tyler, profesa wa Chicago, aliandika kitabu kidogo kilichosimama juu ya maulizo manne: shule inataka kufikia nini? Wanafunzi wapitie mambo gani ili wafikie pale? Mambo hayo yapangwe kwa utaratibu gani? Na tutajuaje kwamba wamefika? Mwaka wa 1998 Wamarekani wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, walilisisitiza jambo hilo kwa kuligeuza: mwalimu aanze na mwisho, kisha apange namna atakavyoona kama mwanafunzi amefika, na tu baada ya hayo atafute masomo ya kila siku. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunafungua silabusi ya zamani, tunaigawanya kwa idadi ya majuma, na siku tatu mbele ya mtihani tunatafuta maulizo.

Tuchukue mfano. Profesa wa historia amekaa na mshauri wake. Mshauri anauliza:

— Siku ya mwisho ya kozi, mwanafunzi wako ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi?

— Atajua historia ya Kongo tangu 1885 mpaka 1960.

— Vizuri, Profesa. Nami nitaonaje kwamba anajua?

— Atajibu maulizo yangu.

— Maulizo gani?

— Tarehe, majina, sababu za mambo.

— Na akizisahau tarehe miaka miwili baadaye, kozi yako itakuwa imemwachia nini?

Hapo profesa ananyamaza. Si kwamba hana jibu. Hakuna aliyemuuliza mbele ya siku ile. Kisha anasema: «Nataka aweze kushika barua mbili za zamani juu ya jambo moja, barua zisizopatana, na kunieleza ipi yafaa kuaminiwa na kwa sababu gani.»

Sasa kozi imepata kichwa. Na mara moja kosa linaonekana: mtihani wake wa kila mwaka haumpi mwanafunzi barua hata moja. Unamwomba kutaja tarehe. Wanafunzi si wajinga. Wanajifunza kile kinachoulizwa katika mtihani, hata mwalimu akisema mengine mwaka mzima. John Biggs, Mwaustralia aliyefundisha Hong Kong, aliandika mwaka wa 1996 kwamba mambo matatu yapaswa kupatana: lengo la kozi, kazi wanazofanya wanafunzi, na namna ya kuwapima. Yasipopatana, mtihani ndio unaoshinda siku zote.

Tuongeze kidogo, tarehe zina faida yake. Mtu asiyejua kwamba 1908 ni baada ya 1885 hawezi kupima barua yoyote. Washauri wengine wanazidharau tarehe mno, nao wanakosa.

Kitu gani kalasini, kitu gani nyumbani?

Lengo likijulikana, ndipo ulizo la mchanganyiko linakuja. Katika maandiko yale ya Florida kuna njia rahisi isiyohitaji mashini wala umeme. Twaa karatasi, chora duara mbili zinazoingiliana kidogo. Katika ya kwanza uandike mambo yatakayofanywa uso kwa uso, katika ya pili mambo yatakayofanywa kwa intaneti. Pale zinapoingiliana, uandike mambo yanayoanza upande mmoja na kumalizika upande mwingine.

Kwa kila jambo, mshauri anauliza: je, jambo hili linahitaji tuwe pamoja sisi sote, pahali pamoja, saa ile ile? Kusoma barua ya zamani hakuhitaji hivyo. Kila mtu anasoma kwa mwendo wake, na anayechelewa anarudia mara tatu bila haya. Kusikiliza maelezo ya dakika kumi juu ya mwandishi wa barua hakuhitaji hivyo pia. Yaweza kuwekwa kwa sauti katika telefone. Lakini kubishana juu ya barua mbili, mmoja akisema ndiyo na mwingine hapana, naye profesa akiwasukuma watoe sababu, hilo linahitaji kalasi. Vilevile kumtazama mwanafunzi usoni na kuona kwamba hajafahamu ingawa anasema «ndiyo, Profesa.»

Basi zile saa mbili za kuandikisha maneno zinahama nyumbani, na kalasi inakuwa pahali pa kazi. Kati ya pande hizo mbili lazima kuwe na kamba. Mbele ya kuja kalasini, kila mwanafunzi apeleke mistari mitano: barua gani anaiamini, na kwa nini. Profesa anaisoma usiku, na kesho yake anaanza: «Ninyi kumi na wanane mmeamini barua ya kwanza, ninyi saba ya pili. Mmoja wenu asimame.» Pasipo kamba hiyo, kazi ya nyumbani haifanywi, na profesa anarudia kusoma daftari.

Kozi moja na nusu

Sasa turudi kwenye maneno tuliyoomba myashike: sehemu ya intaneti inachukua nafasi ya saa fulani za kalasi. Washauri wa Marekani wana jina la kosa linalotokea pale: wanasema «kozi moja na nusu». Profesa anaacha mafundisho yake yote ya kalasi kama yalivyokuwa, kisha anaongeza juu yake kazi za intaneti. Tuseme kozi ilikuwa ya saa 45. Saa 45 zinabaki, na nyumbani zinaongezwa 30. Wanafunzi wanalia, tena kwa haki. Profesa naye anasahihisha usiku hata anachukia mchanganyiko wenyewe. Dawa ni moja, kukata. Na kukata ndiko kunakomwuma mwalimu, maana kila ukurasa wa silabusi aliuandika kwa jasho.

Mimi niandikaye haya nilifanya baya zaidi. Mwezi wa tatu wa mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Covid ulipofanya serikali yetu kufunga shule na iniversite, nilikuwa na kozi katika nyumba moja ya masomo. Nilitwaa silabusi yangu, kurasa zaidi ya mia, nikaituma kwa wanafunzi katika telefone. Nikadhani nimefundisha kwa intaneti. Tulipoonana tena niliwauliza habari ya sura ya tatu. Kimya. Mmoja, kijana mwenye adabu, akasema: «Profesa, karatasi tulizipokea. Lakini hatukujua tufanye nini nazo.» Baadaye nilisikia kwamba wengine walinunua mega mara mbili ili faili lile zito liingie, na fedha hiyo walikuwa wameikopa. Hawakuniambia wenyewe.

Mshauri kati ya profesa na wanafunzi

Kuna desturi moja iliyoanza katika iniversite ya Washington, mjini Seattle, ikaenea pengi. Kozi ikifika katikati, profesa anamwita mshauri kalasini, naye mwenyewe anatoka. Mshauri anawagawanya wanafunzi katika makundi madogo na kuwauliza: ni kitu gani katika kozi hii kinawasaidia kujifunza? Ni kitu gani kinawazuia? Mngependa kigeuzwe nini? Kila kundi linaandika, kisha wote wanasikilizana waone wanapatana wapi. Mshauri anakusanya maneno bila majina, na siku chache baadaye anakaa na profesa peke yake.

Faida yake ni kwamba kozi haijaisha. Maulizo ambayo nyumba nyingi zinawapa wanafunzi siku ya mwisho yanawafaa wale watakaokuja, si wao.

Lakini kuna sharti kubwa: mshauri asiyapeleke maneno hayo kwa mkubwa wa fakulte. Profesa akijua kwamba udhaifu wake utaandikwa katika barua ya kumpandisha ao kumnyima cheo, hatamfungulia mlango tena. Atamwonyesha kozi nzuri ya karatasi, na kalasini ataendelea kusoma daftari. Ndiyo maana nyumba zenye busara zinatenga kabisa kazi ya kushauri na kazi ya kuhukumu. Kwetu, tulipozoea kwamba kila mtu anayeingia kalasini na karatasi mkononi ni inspekta, jambo hili litahitaji miaka.

Je, wanafunzi wanajifunza vizuri zaidi?

Tusiseme kupita kweli. Mwaka wa 2009 wizara ya elimu ya Marekani ilitoa ripoti iliyokusanya machunguzi mengi. Ilionekana kwamba wanafunzi wa mchanganyiko walishinda kidogo wale wa kalasi tu. Lakini waandishi wenyewe walionya: mara nyingi wale wa mchanganyiko walikuwa pia na wakati mwingi zaidi wa kusoma, tena kazi nyingine za kujifunzia. Basi hatuwezi kusema ni mashini iliyowasaidia. Kwa maoni yangu, mara nyingi kilichosaidia ni kwamba mwalimu alilazimishwa kuipanga kozi upya.

Na kwetu, umeme ukikatika?

Hilo ndilo ulizo la kwanza la kila padri niliyemweleza mambo haya. Umeme unakatika, mega ni ghali, na pengine telefone moja inatumiwa na wanafunzi watatu.

Kuna programu iitwayo Moodle, ya kuwekea kozi, isiyouzwa. Aliyeianzisha ni Mwaustralia Martin Dougiamas, na chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2002. Yeye mwenyewe alikulia katika jangwa la Australia, mbali na shule, akajifunza kwa radio. Programu hiyo yaweza kuwekwa katika ordinateri moja ndani ya nyumba, na wanafunzi wakaifikia kwa telefone zao wakiwa karibu, pasipo intaneti ya nje na pasipo mega. Seminari yenye ordinateri moja nzuri na paneli za jua inaweza kufanya hivyo. Wale wanaokaa mbali wanaweza kuchukua masomo katika telefone siku wanapokuja, wakayasoma kwao bila mtandao. Maandishi mepesi na sauti fupi vinafaa kuliko video. Video ya saa nzima ni daftari lile lile la zamani, ila sasa linakula fedha ya mwanafunzi.

Kitu kilicho haba zaidi ni wakati wa mwalimu. Kupanga kozi moja upya ni kazi ya miezi, na profesa wetu mara nyingi anafundisha katika nyumba tatu ili alishe jamaa yake. Wakubwa wanaotaka mchanganyiko bila kumpunguzia hata saa moja watapata kurasa zilizotumwa kwa telefone, kama zangu. Afadhali kozi moja kwa mwaka, tena si yote. Sura mbili zatosha kwa kuanza.

Na kama hakuna fedha ya kuweka mshauri, walimu wawili wa masomo mbalimbali wanaweza kushauriana, mradi kila mmoja akubali kuulizwa. Hapa tulipo tumeanza hivyo mwaka huu wa masomo, mwalimu wa Kilatini na mimi. Tunaonana siku ya ine jioni, na karatasi yenye duara mbili. Mimi sijui Kilatini chake sana, naye hapendi historia. Juma lililopita aliniuliza kwa nini somo langu la nne linakuja mbele ya la tano, na sikuweza kumjibu. Nimeligeuza.